Tovuti ni ya Nani? Matatizo Yanayowakumba Wenye Tovuti

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wenye biashara ndogo, viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana, na wasimamizi wa shule. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Chukulia kikundi cha akina mama wasusi wa viondo. Kikundi kina tovuti kwa mwaka wa nne sasa. Jina la tovuti limechapishwa kwenye lebo ya kila kiondo, kwenye kadi za mwenyekiti na kwenye bango la barabarani. Asubuhi moja mnunuzi wa Ujerumani anampigia katibu simu akiuliza kama kikundi kimeacha ususi na kuingia katika biashara ya kamari. Katibu anafungua tovuti kwa simu yake. Palipokuwa na picha za viondo sasa pana michezo ya bahati nasibu, kwa lugha asiyoijua.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini fundi yeyote wa tovuti atakitambua kabla hakijafika mwisho. Hakuna aliyevunja mlango. Tovuti ilitengenezwa na kijana wa pale pale kijijini, mtoto wa mmoja wa wanachama, na yeye ndiye aliyesajili jina: kwa anwani yake ya barua pepe, kwa nenosiri lake, kwa pesa alizorudishiwa na mweka hazina. Baadaye akapata kazi Qatar. Barua za kukumbusha kwamba muda wa jina unakaribia kuisha zilitumwa kwenye anwani ambayo hakuifungua tena. Muda ukaisha, jina likarudi sokoni, na mtu wa mbali akalinunua kwa sababu lilikuwa tayari linajulikana na mitambo ya kutafuta kama Google. Kijana hakuwa mwizi. Alikuwa amesahau tu, na hakuna mwingine aliyejua kwamba kulikuwa na jambo la kukumbukwa.

Matatizo mengi ya wenye tovuti huanzia hapo. Watu hudhani shida za tovuti ni za kitaalamu na kwamba zinahitaji mtu aliyesomea kompyuta. Zipo za namna hiyo. Lakini swali linaloumiza biashara nyingi ni rahisi kuliko hayo: funguo ziko kwa nani?

Mtu anaposema ana tovuti, ana vitu vitatu ambavyo mara nyingi huuziwa kwa pamoja kana kwamba ni kimoja. Cha kwanza ni jina, yaani kikoa. Cha pili ni nafasi katika seva, kompyuta inayowaka mchana na usiku ambamo kurasa huhifadhiwa. Cha tatu ni kurasa zenyewe: maneno, picha na programu inayoziendesha. Kurasa zikipotea, zinaweza kuandikwa upya. Seva ikiharibika, kurasa zinaweza kuhamishiwa kwingine kwa siku moja ikiwa nakala ipo. Jina likipotea, lebo, kadi na bango vyote vinamwelekeza mteja kwa mtu mwingine.

Jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja kama shamba. Linafanana zaidi na sanduku la posta: hulipiwa kila mwaka, na asiyelipa hupoteza sanduku hilo likapewa mwingine. Kwa majina yanayoishia kwa .com, msajili anaweza kumpa mwenye jina siku kadhaa za neema baada ya muda kuisha, kisha hufuata siku 30 ambamo jina bado linaweza kukombolewa, ila kwa ada kubwa zaidi. Siku hizo zikipita, yeyote anaweza kulichukua, na kuna wanaofanya biashara ya kuvizia majina ya namna hiyo.

Hapa Kenya majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC, shirika lililoanza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Makampuni na biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, shule .sc.ke, vyuo .ac.ke, na serikali .go.ke. Tangu 2017 mtu anaweza pia kupata jina linaloishia kwa .ke pekee. KENIC haiuzi majina mkono kwa mkono; huyapitisha kwa wasajili walioidhinishwa, na wengi wao huuza nafasi ya seva pia. Ada ya mwaka ya jina la .co.ke ni ndogo kuliko bei ya gunia la mahindi. Kwa hiyo jina halipotei kwa sababu ya bei, hupotea kwa sababu aliyepaswa kulipa hakuambiwa.

Mwenye biashara anaweza kukagua hali yake leo, hata kwa simu. Kwenye tovuti ya KENIC kuna sehemu ya kutafuta taarifa za jina lolote la .ke: limesajiliwa kupitia kwa msajili gani na muda wake unaisha lini. Baada ya hapo ni kumpigia msajili huyo na kuuliza akaunti iko kwa anwani gani ya barua pepe. Ikiwa ni anwani ya fundi, ni vizuri ibadilishwe wakati bado kuna maelewano. Kungoja mpaka pawe na ugomvi wa malipo ni kujitafutia taabu. Anwani inayofaa ni ya kikundi au ya biashara, inayofunguliwa na watu wawili angalau, na isiwe ile inayotegemea jina lilelile la tovuti. Jina likizimika, barua pepe zake nazo huzimika, na hata ujumbe wa kurejesha nenosiri hauna pa kufikia.

Mafundi nao wana upande wao, na ni haki usikike. Kijana anayetengeneza tovuti mara nyingi hulipwa nusu ya pesa mwanzoni na nusu ya pili haioni kamwe. Ndiyo maana wengine hushikilia jina kama dhamana. Njia hiyo si nzuri, lakini chanzo chake kinajulikana. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na pande zote mbili kabla ya kazi kuanza ingeokoa urafiki mwingi: jina litasajiliwa kwa nani, malipo yatatolewa kwa hatua zipi, nani atatunza tovuti baada ya kukabidhiwa na kwa ada gani kwa mwezi, na fundi akiondoka atakabidhi nini. Neno "kutunza" lipewe mstari wake, kwa kuwa wengi hudhani tovuti ikishamalizwa imekwisha, kama meza iliyotoka kwa seremala. Tovuti ni kama pikipiki ya bodaboda. Isipobadilishwa mafuta, itasimama njiani.

Mafuta hayo ni masasisho. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani huendeshwa kwa WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka wa 2003. Juu yake huwekwa programu-jalizi: moja ya fomu ya mawasiliano, nyingine ya duka, nyingine ya kuonyesha picha zikipishana. Kila moja imeandikwa na watu tofauti, na baadhi yao huacha kuishughulikia. Kasoro ya usalama inapogunduliwa, hutangazwa pamoja na dawa yake. Asiyeweka dawa hubaki na mlango ambao kila mwizi ameshaonyeshwa ulipo. Wadukuzi hawamchagui mwenye viondo kwa sababu anawavutia. Mitambo yao hupita tovuti moja baada ya nyingine usiku kucha ikijaribu kitasa kilekile. Ndiyo maana kauli ya "biashara yangu ni ndogo, nani atanishambulia?" haina msingi.

Dalili za tovuti iliyovamiwa huwa za ajabu kidogo. Mwenyewe akiifungua anaiona sawa, lakini mteja anayeingia kupitia Google anapelekwa kwenye duka la dawa za nguvu za kiume. Au kurasa mpya elfu moja zinazaliwa ndani yake bila mtu kuziandika. Hapo kinachosaidia ni nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla ya uvamizi, na iliyowekwa mahali pengine mbali na seva ileile. Nakala iliyo ndani ya seva huungua pamoja na seva. Na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu. Si wachache waliofungua faili ya akiba siku ya msiba wakakuta ni tupu.

Si kila kuzimika ni kosa la mwenyewe. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa kufurikwa na maombi ya uongo mpaka ukawa haupatikani. Mwenye duka hawezi kuzuia mambo hayo. Anachoweza ni kuhakikisha nambari yake ya simu iko kwenye lebo pia, si anwani ya tovuti peke yake.

Sasa kuhusu simu. Nyaya za kwanza kubwa za intaneti zilitia nanga Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo mawasiliano yalipitia setilaiti, ghali na ya pole pole, na aliyetaka kuona tovuti alikwenda saiba akalipa kwa dakika. Leo mteja yuko ndani ya matatu akiwa na simu ya bei ya chini na bando la siku moja. Mwaka wa 2010 Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza ukurasa unaojipanga wenyewe kufuata upana wa kioo, na njia hiyo imekuwa ya kawaida. Google nayo ilitumia miaka kadhaa, hadi 2023, kuhamia kwenye utaratibu wa kuzipima tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu. Tovuti inayopendeza kwenye kompyuta ya fundi lakini inayolazimisha mwenye simu kuvuta maandishi kwa vidole viwili inajipunguzia wateja, na Google pia huipeleka nyuma.

Uzito ndio tatizo ambalo wenye tovuti hawalioni kabisa, kwa sababu wao huifungua wakiwa kwenye waifai. Simu za kisasa hupiga picha za megabaiti 4 au zaidi. Ukurasa wenye picha 12 za namna hiyo, zilizopakiwa zilivyo, una megabaiti 48. Mteja mwenye bando la megabaiti 100 atakuwa ametumia karibu nusu yake kuangalia ukurasa mmoja wa vikapu, na huenda aliuacha kabla picha ya tatu haijafunguka. Picha zilezile zikipunguzwa upana na kubanwa, kila moja inaweza kuwa na kilobaiti 200 tu. Ukurasa wote unashuka hadi megabaiti 2.4, na kwa macho ya kawaida tofauti haionekani. Zipo programu za bure za kufanya kazi hiyo, na huchukua muda mfupi kuliko kuandika ujumbe wa kuomba radhi kwa mteja.

Kuna jambo dogo linalokera na lingefaa kukomeshwa: tangazo zima kuwekwa kama picha. Bei, tarehe, mahali na nambari ya simu vyote vimo ndani ya bango lililochorwa. Asiyeona vizuri anayetumia programu ya kusomewa kioo haambiwi chochote. Google haioni maneno. Na mwenye kutaka kupiga simu inabidi aandike nambari kwenye kiganja. Maneno yaandikwe kama maneno. Na yaandikwe Kiswahili pia pale wateja wanapozungumza Kiswahili; Katiba, kifungu cha 7, imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ingawa ukipita tovuti nyingi za biashara za Kenya hutajua.

Alama ya kufuli karibu na anwani imeleta mkanganyiko wake. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti "si salama" ikiwa mawasiliano yake hayajafungwa kwa cheti. Vyeti hivyo hupatikana bure kupitia Let's Encrypt, na vyake vya kawaida hudumu siku 90, kwa hiyo seva inapaswa kuvihuisha yenyewe. Inaposhindwa, wateja hukutana na ukurasa mwekundu wa onyo na kukimbia. Muda huo utazidi kufupishwa kwa watoaji wote wa vyeti: kuanzia 2029 cheti hakitaruhusiwa kuzidi siku 47. Anayehuisha kwa mkono atachoka.

Upande wa pili, wakaazi wajue kufuli haimaanishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Humaanisha tu kwamba hakuna anayesikiliza njiani. Tapeli naye hupata cheti bure kama mtu mwingine yeyote. Tovuti za uongo za ajira za kaunti, za basari na za zabuni huwa na kufuli safi kabisa. Kinachofaa kuangaliwa ni mwisho wa jina: .go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, na mtu binafsi hawezi kujisajilia. Anwani yenye neno "county" katikati na mwisho wa .com au .xyz, inayodai shilingi 500 za "kushughulikia fomu" kwa nambari ya simu ya mtu, ni ya kutiliwa shaka mara moja. Malipo ya huduma za serikali kupitia eCitizen hutumia nambari moja ya Pay Bill, 222222. Akina mama na vijana wanaotafuta kazi ndio huumia zaidi hapa, na aibu huwafanya wanyamaze.

Tovuti inayokusanya habari za watu ina mzigo wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mwenye fomu ndogo inayouliza jina, simu na nambari ya kitambulisho. Swali la kwanza ni je, nambari ya kitambulisho inahitajika kwa nini ili mtu aagize kiondo? Kisichohitajika kisiulizwe. Habari zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Biashara zenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 hazilazimiki kujisajili kwa Kamishna, lakini shule, hospitali na hoteli, miongoni mwa nyingine, husajiliwa hata zikiwa ndogo. Kutosajiliwa hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria yenyewe.

Wasimamizi wa shule wasikilize hapa kwa makini. Septemba 2023 Kamishna alitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo kilabu kimoja cha burudani kilitozwa shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Picha za siku ya michezo zinazopamba ukurasa wa kwanza wa tovuti za shule ziko kwenye njia hiyohiyo. Kibali cha mzazi kwa maandishi hakigharimu kitu, na kiwekwe kwenye faili.

Swali linaloulizwa sana siku hizi ni kama tovuti bado ina maana, kwa kuwa kila mtu yuko Facebook, TikTok na WhatsApp, na sasa akili bandia inajibu maswali yenyewe. Kurasa za mitandao ya kijamii ni nzuri kwa kuita watu, na biashara nyingi za hapa zitaendelea kuuza zaidi kupitia WhatsApp kuliko mahali pengine. Lakini huko mwenye duka ni mpangaji. Akaunti ikifungwa kwa makosa au ikitekwa na tapeli, wateja elfu tatu hupotea jioni moja na hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Ukurasa mmoja mwepesi wenye jina linalomilikiwa na biashara, bei, saa za kazi, ramani na kiungo cha WhatsApp unatosha kwa walio wengi. Mambo ya kurasa 20 na maandishi yanayoruka ni ya kumfurahisha fundi.

Akili bandia imebadilisha mambo mawili. Inaweza kutengeneza tovuti kwa saa moja, na matokeo yake ni kurasa zinazofanana kama sare za shule: kila biashara "imejitolea kutoa huduma bora," na hakuna hata moja inayosema inafunga saa ngapi. Pia, Google ilianza mwaka wa 2024 kuweka majibu ya muhtasari juu ya matokeo ya utafutaji, kwa hiyo mtu anaweza kupata jibu bila kufungua tovuti yoyote. Mwenye tovuti hupungukiwa na wageni, na hilo ni lalamiko la haki. Kwa biashara ya kijijini, hata hivyo, kinachohitajika ni jibu hilo liwe sahihi. Mashine husoma kilichoandikwa. Isipokuta bei ya kiondo cha mkonge wala nambari ya simu iliyo sahihi, itachukua habari za miaka mitatu iliyopita kutoka kwingine.

Na wale wasusi? Katika kisa chao jina la zamani halikurudi. Aliyelichukua alitaka dola nyingi kuliko mauzo ya kikundi ya mwaka mzima, na kikundi kikakataa, uamuzi ambao ni vigumu kuulaumu. Walisajili jina jipya la .co.ke kwa miaka mitatu, kwa anwani ya barua pepe ya kikundi. Mwenyekiti na katibu wote wana nenosiri. Mweka hazina ana daftari lenye tarehe ya kulipa, na tarehe hiyo inasomwa katika mkutano wa kila Januari pamoja na hesabu za michango. Kijana aliye Qatar aliwasaidia kupitia simu, usiku wa Jumapili mbili, bila kudai kitu. Lebo 600 za zamani ziligeuzwa upande wa nyuma, na jina jipya likapigwa muhuri juu yake kwa mkono.